Sir Richard Cox na Ahadi ya Limerick

Safari hii, ndugu wasomaji, nawaletea maisha ya Sir Richard Cox, mwanasheria na mwanasiasa wa Ireland aliyeishi toka mwaka 1650 hata 1733. Alikuwa Mwanglikana wa Kanisa la Ireland. Alianza maisha akiwa yatima, akapanda ngazi hata akawa mkuu wa mahakama za nchi yake. Wala sisemi alikuwa mtakatifu. Alifanya mema, tena alifanya mambo yasiyopendeza. Lakini katika maisha yake lilitokea jambo moja linalotuhusu sisi sote, nalo ni ahadi iliyotolewa kwa adui aliyeshindwa vitani. Ahadi hiyo ilimpima Cox mara mbili, na majibu yake hayakuwa mamoja.

Kwanza yafaa tujue hali ya nchi. Ireland ni kisiwa kilichoko magharibi mwa Uingereza. Wenyeji wake walio wengi walikuwa Wakatoliki, nao walitawaliwa na wafalme wa Uingereza, ambao walitwaa ardhi yao kidogo kidogo na kuwagawia walowezi Waprotestanti. Katika mwaka 1641 Wakatoliki walikuwa bado wakimiliki yapata asilimia 59 ya ardhi yote. Vikatokea vita na maangamizi ya kila upande, na jeshi la Oliver Cromwell likaivamia nchi. Ilipofika mwaka 1688 Wakatoliki walibakiwa na asilimia kama 22 tu. Basi katika nchi hiyo kila shamba lilikuwa na watu wawili waliolidai: yule aliyelilima, na yule ambaye baba yake alifukuzwa humo.

Richard Cox alizaliwa tarehe 25 Machi, 1650, katika mji wa Bandon, wilaya ya Cork, kusini mwa Ireland. Mji huo ulikuwa wa walowezi Waprotestanti, na baba yake alikuwa kapteni wa askari wapanda farasi. Kabla mtoto hajatimiza miaka mitatu, baba na mama walikuwa wamekwisha kufa. Akalelewa na babu yake mzaa mama, kisha na mjomba wake, katika mji mdogo wa Clonakilty. Huko ndiko aliko somea. Hakuwa na urithi wa kutosha kumpeleka chuo kikuu, kwa hiyo alipokuwa na umri wa miaka 18 alianza kufanya kazi ya uwakili katika mabaraza madogo ya wenye mashamba, akishughulikia kesi za kodi, mipaka na madeni. Akaweka akiba, na mwaka 1671 akavuka bahari kwenda London kusomea sheria katika chuo cha Gray's Inn. Mwaka 1673 alipewa idhini ya kusimama mbele ya mahakama kuu.

Mwaka uliofuata alimwoa binti mmoja aitwaye Mary Bourne. Kwa desturi ya watu wale, ambayo ni kinyume cha desturi yetu, mali ya ndoa ilitoka upande wa mke. Cox alitumaini kupata mali hiyo, lakini haikupatikana ila kwa kuingia katika kesi na mabishano. Kijana akavunjika moyo. Akaacha mahakama, akaenda kukaa shambani karibu na Clonakilty, na huko akakaa kimya miaka saba. Watoto walipozidi kuzaliwa, aliona hawezi kuendelea hivyo. Sir Robert Southwell, mtu mkubwa wa Kinsale aliyemjua na kumpenda, akamsaidia kupata kazi ya kuwa hakimu wa mji wa Kinsale. Toka hapo hakurudi nyuma tena.

Mwaka 1685 James wa Pili akawa mfalme wa Uingereza na Ireland. Yeye alikuwa Mkatoliki, na baada ya miaka michache serikali na jeshi la Ireland vikawa mikononi mwa Wakatoliki. Waprotestanti wengi waliingiwa na hofu. Cox naye mwaka 1687 aliacha kazi na nyumba, akamchukua mkewe na watoto, akahamia Bristol, mji wa bandari huko Uingereza. Basi mtu huyu alijua maana ya kuikimbia nchi yake na kuanza upya ugenini. Akiwa huko aliandika historia kubwa ya Ireland, iitwayo Hibernia Anglicana, iliyochapishwa London katika mwaka 1689 na 1690. Kitabu hicho kilionyesha bidii yake ya kusoma, lakini kilionyesha pia upande aliosimama. Kilitetea haki ya Waingereza kuitawala Ireland, na Waairishi wenyeji hakikuwatazama kwa jicho la huruma.

Wakati huo mambo yalikuwa yamebadilika. Mwishoni mwa mwaka 1688 William wa Uholanzi, mkwewe James, alitua Uingereza na jeshi, na James akakimbilia Ufaransa. Kisha James akaenda Ireland kupigania kiti chake kwa msaada wa Wafaransa. William akamfuata. Sir Robert Southwell alikuwa katibu wa mambo ya Ireland upande wa William, naye akamchukua Cox awe karani wake. Hivyo Cox alikuwapo pamoja na jeshi wakati wa vita vya mto Boyne, tarehe 1 Julai, 1690, siku James aliposhindwa na kukimbia tena.

Siku chache baadaye William alitaka kutangaza msamaha akiwa kambini Finglas, karibu na Dublin. Aliyepewa kazi ya kuandika tangazo hilo ni Cox, na mfalme alipendezwa nalo. Msamaha huo uliwahusu wakulima wadogo, vibarua na askari wa kawaida watakaoweka silaha chini. Wenye ardhi hawakuahidiwa kitu. Wakuu wa Kikatoliki walipoona kwamba hawana la kutumainia, walipigana mwaka mzima zaidi. Hapo twaona jinsi neno lililoandikwa juu ya karatasi linavyoweza kufupisha vita au kuvirefusha.

Kwa utumishi wake Cox alifanywa jaji katika Septemba 1690, na mwaka 1691 akawekwa kuwa gavana wa kijeshi wa wilaya ya Cork, nyumbani kwake. Kazi hiyo aliifanya kwa ukali. Alikusanya mgambo wa Waprotestanti na kuwawinda wapiganaji wa porini, na wengi waliuawa. Sifichi jambo hili, maana wenyeji wa Cork hawakulisahau.

Mwishowe vita vilikomea katika mji wa Limerick. Mji ulizingirwa, lakini majenerali wa William walitaka vita viishe kabla ya majira ya baridi, na Wakatoliki waliokuwa ndani wakiongozwa na Patrick Sarsfield hawakuwa na tumaini la kushinda. Tarehe 3 Oktoba, 1691, mkataba ulitiwa sahihi. Askari waliotaka waliruhusiwa kwenda Ufaransa, na zaidi ya elfu kumi walikwenda. Kwa wale waliobaki, mkataba uliahidi mambo mawili makubwa. La kwanza, Wakatoliki wataachiwa uhuru wa ibada kama ule waliokuwa nao katika siku za mfalme Charles wa Pili. La pili, watu wa Limerick, pamoja na askari waliokuwa wangali na silaha katika wilaya za Limerick, Clare, Kerry, Cork na Mayo, hawatanyang'anywa mashamba yao, mradi wamwapie mfalme utii.

Hapo ndipo shida ilipoanza. Katika mashauri walikubaliana kwamba ulinzi huo utawahusu pia raia walio chini ya himaya ya askari hao katika wilaya hizo. Lakini mkataba uliponakiliwa vizuri ili utiwe sahihi, mstari unaotaja raia hao uliachwa. Kosa liligunduliwa baadaye. Mfalme William, alipouthibitisha mkataba mwaka 1692, aliurudisha mstari ule kwa amri yake. Hata hivyo Waprotestanti wengi wa Ireland walikasirika. Waliona kwamba adui amepona kirahisi, na walikuwa wametazamia kugawana mashamba yake.

Hata Kanisani kulikuwa na mabishano. Askofu Anthony Dopping wa Meath alihubiri Dublin, katika Kanisa Kuu la Kristo, akafundisha kwamba hapana lazima ya kuwatimizia Wakatoliki ahadi ile. Askofu mwingine alimjibu katika kanisa lile lile, akashikilia kwamba neno lililotolewa lazima litimizwe. Mfalme alipopata habari alimwondoa Dopping katika Baraza la Mfalme. Msomaji wa Biblia atakumbuka habari za Yoshua na Wagibeoni. Wana wa Israeli waliwaapia Wagibeoni kwa kudanganywa, na hata hivyo Yoshua hakukubali kiapo kivunjwe. Huko Limerick hakukuwa na udanganyifu. Kulikuwa na mstari mmoja ulioachwa na mwandishi.

Katika mabishano hayo Cox alisimama wapi? Wengi walitazamia kwamba mtu huyu, mkimbizi wa mwaka 1687, gavana mkali wa Cork, mwandishi wa kitabu kile, angekuwa wa kwanza kutaka mkataba utupwe. Haikuwa hivyo. Mwaka 1692 alipewa heshima ya kuitwa Sir, akaingizwa katika Baraza la Mfalme la Ireland, na Baraza hilo ndilo lililoanza kusikiliza madai ya Wakatoliki waliojitetea kwa mkataba. Baadaye akawekwa pia katika tume iliyosimamia mashamba yaliyotwaliwa kwa waasi. Humo kote alishikilia kwamba mkataba ni mkataba. Kwake, jeshi la mfalme lilikuwa limetoa neno, mji ukafunguliwa kwa sababu ya neno hilo, basi heshima ya mfalme na ya sheria imefungwa nalo. Aliyeupata mji hawezi kukataa kulipa bei yake.

Msimamo huo ulimtia hasara. Mtawala wa Ireland wakati huo, Lord Capel, aliwategemea wale waliouchukia mkataba, na mwaka 1695 Cox aliondolewa katika Baraza. Watu wa upande wake mwenyewe walimwona kama msaliti. Mwaka 1697 Bunge la Ireland, lenye Waprotestanti watupu, lilithibitisha mkataba likiwa limeupunguza, na ule mstari wa raia ukaachwa nje kwa makusudi. Baadhi ya malodi, na maaskofu wa Kanisa la Ireland miongoni mwao, waliandika upinzani wao. Walikuwa wachache, na sheria ikapita. Lakini tusisahau matunda ya wale waliosimama imara. Hadi mwaka 1699 madai zaidi ya 1,200 ya Wakatoliki yalikuwa yamesikilizwa chini ya mikataba ya Limerick na Galway, na karibu yote yalikubaliwa. Kila dai moja lilikuwa ni nyumba ya watu waliobaki na shamba lao.

Katika miaka ile Cox aliendelea na kazi yake ya ujaji, na alishughulika pia na mji wa Dunmanway, huko magharibi ya Cork. Alipata idhini ya mfalme kuweka soko na minada hapo, akajenga nyumba, akawavuta watu waje kukaa. Mwaka 1698 Bunge la London lilipotaka kuzuia vitambaa vya sufu vya Ireland visiuzwe nchi za nje, Cox aliandika kijitabu cha kupinga. Aliona kwamba kumkataza maskini kuuza kazi ya mikono yake ni kumfunga katika umaskini. Sheria hiyo nayo ikapita mwaka 1699. Hapo msomaji ataona kwamba Waprotestanti wa Ireland, waliowabana Wakatoliki, walibanwa nao na wakubwa wa London.

Mwaka 1701 nyota yake ilipanda tena. Akawa Jaji Mkuu wa mojawapo ya mahakama kuu za Dublin, akarudishwa katika Baraza. Mwaka 1703, katika utawala wa Malkia Anne, akawa Chansela Mkuu wa Ireland. Chansela alikuwa mkuu wa majaji wote, tena ndiye aliyekalia kiti cha mwenyekiti katika Baraza la Malodi. Yule yatima wa Clonakilty alikuwa amefika kileleni.

Na hapo kileleni ndipo alipopimwa mara ya pili. Mwaka 1704 ililetwa sheria mpya ya kuzuia Ukatoliki usienee. Kwa sheria hiyo Mkatoliki asingeweza kununua ardhi, wala kuikodi kwa zaidi ya miaka 31. Akifa, shamba lake lazima ligawanywe sawasawa kwa wana wake wote, ili baada ya vizazi viwili vitatu livunjike vipande vipande. Lakini mwana wa kwanza akihamia Kanisa la Ireland, yeye atalirithi lote, na akihama baba angali hai, baba hana uwezo tena wa kuliuza shamba lake. Ndugu msomaji, fikiri juu ya nyumba ambamo baba anamtazama mwanawe mwenyewe kwa hofu. Sisi tunaojua jinsi ugomvi wa shamba unavyoweza kutenga ndugu wa tumbo moja tunaweza kupima uchungu wake. Na mtu anayeingia kanisani kwa ajili ya ekari za baba yake, Kanisa limepata nini?

Wakatoliki waliomba kusikilizwa, wakaruhusiwa. Katika Februari 1704 mwanasheria wao, Sir Theobald Butler, alisimama mbele ya Bunge, kisha mbele ya Baraza la Malodi. Mzee huyu alikuwa mmojawapo wa waliofanya mashauri kule Limerick kwa upande wa walioshindwa. Alikuja na mkataba ule, akawakumbusha kwamba haujatimiza hata miaka kumi na mitatu, na kwamba sheria hii inauvunja. Aliyekuwa juu ya kiti katika Baraza la Malodi ni Sir Richard Cox, aliyepoteza nafasi yake mwaka 1695 kwa ajili ya mkataba huo huo. Walisikilizwa kwa adabu, na baada ya hapo sheria ikapita. Cox hakujiuzulu. Aliendelea na kazi yake.

Kwa nini mtu aliyesimama imara akiwa mdogo alikaa kimya alipokuwa mkubwa? Labda alijiambia kwamba sauti yake moja isingezuia kitu. Labda aliona kwamba madai ya mashamba yamekwisha kuamuliwa, na deni lake limelipwa. Labda cheo kilimwia kizito kukiacha. Mimi nimefundisha watoto miaka mingi, na nimeona kwamba jaribu la mtu aliye chini na jaribu la mtu aliye juu si la namna moja. Aliye chini hujaribiwa na hofu ya kukosa, na aliye juu hujaribiwa na hofu ya kupoteza, na hiyo ya pili mara nyingi ndiyo yenye nguvu.

Tarehe 21 Novemba, 1706, Malkia Anne alimfanya kuwa baroneti. Hicho ni cheo kilichoanzishwa na mfalme James wa Kwanza mwaka 1611. Mwenye cheo huitwa Sir, na akifa cheo humwendea mrithi wake, ila hakimpi kiti katika Baraza la Malodi. Mwaka uliofuata serikali ilibadilika na Cox akaondolewa katika Uchansela. Alirudi mwaka 1711 akiwa Jaji Mkuu wa Mahakama ya Malkia, na mwaka huo huo alitoa kitabu juu ya dini na matumizi ya akili ndani yake. Malkia alipofariki mwaka 1714, mfalme mpya, George wa Kwanza, alimwondoa pamoja na majaji wenzake wa chama kilichoanguka. Bunge likachunguza mwenendo wake katika mambo ya siasa, likapitisha maazimio ya kumlaumu, lakini hakushtakiwa. Basi vile vyeo ambavyo labda alivihifadhi kwa kunyamaza vilimtoka vyote, na kwa sababu nyingine kabisa.

Miaka yake ya mwisho aliitumia nyumbani, akisoma na kuandika. Katika Aprili 1733 alipatwa na kiharusi, akafa tarehe 3 Mei, akiwa na umri wa miaka 83. Cheo kilimwendea mjukuu wake, naye akiitwa Richard, aliyeiendeleza Dunmanway kwa ufundi wa kufuma kitani, na mwaka 1749 akachapisha barua ndefu kueleza jinsi alivyofaulu kuwapa wafumaji kazi.

Na ile ahadi ya Limerick? Iliendelea kudaiwa. Ilipofika mwaka 1703 ardhi ya Wakatoliki ilikuwa imepungua hata asilimia kama 14, na sheria ya 1704 na zile zilizoifuata ziliipunguza zaidi. Sheria hizo zililegezwa polepole katika miaka ya mwisho ya karne ile, na Wakatoliki waliruhusiwa kuingia Bungeni mwaka 1829 tu. Kanisa la Ireland lenyewe, lililolindwa kwa sheria hizo, halikuvuta mioyo ya wenyeji walio wengi. Mwaka 1869 Bunge la London lilikata shauri kuliondolea cheo chake cha kuwa Kanisa la serikali, na toka mwaka 1871 limesimama kwa miguu yake lenyewe. Huko Limerick, jiwe ambalo watu husema mkataba ulitiwa sahihi juu yake lingali linaonyeshwa karibu na mto Shannon.

Waswahili husema ahadi ni deni. Ahadi tunayompa mwenye nguvu hutimizwa, kwa kuwa anaweza kutudai. Ile tunayompa aliyeshindwa, mjane, kibarua, au jirani asiye na mtu wa kumsemea, hiyo inategemea dhamiri yetu peke yake. Sir Richard Cox aliitimiza alipokuwa na kidogo cha kupoteza, akainyamazia alipokuwa na kingi. Wale watu wa madai 1,200 walilala katika nyumba zao kwa sababu mwanzoni walikuwako watu wachache waliokataa kuisahau. Tukikumbuka upande huo wa maisha yake, tukumbuke pia ule mwingine.